KARAFUU KATIKA DUKA LA NACHINGWEA



Kila mwaka, ufikapo wakati wa korosho, wako vijana wetu wafungao safari kwenda kusini ya Tanzania Bara kutafuta riziki. Wengine huuza nguo, wengine huuza vyombo, na wengine hupata kazi katika maduka ya ndugu zao waliotangulia. Warudipo huwa na khabari nyingi, lakini moja karibu wote huikariri: kwamba walikwenda dukani kununua sabuni au chumvi, huko Nachingwea au Ruangwa, wakakutana ghafla na kitu cha kwetu, na moyo ukawaruka. Baadhi ya wanachama wametuuliza kama jambo hili lina maana yo yote kwa mwenye shamba, au ni maneno ya wasafiri tu. Tumeona ni vema tulieleze katika ukurasa huu, kwani maana linayo, tena lagusa mfuko wa kila mmoja wetu.

MIJI YENYEWE

Kwa wale wasiopata kufika, Nachingwea na Ruangwa ni miji ya mkoa wa Lindi, nayo iko mbali na bahari. Msafiri wa kutoka kwetu huvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha hupanda basi kuelekea kusini, akavuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, akapita Lindi, ndipo aiache pwani. Afikapo Nanganga aweza kukata njia ya Ruangwa. Na aendeleaye mpaka Masasi hupata huko njia ya Nachingwea. Zamani ilikuwa wilaya moja, mpaka Ruangwa ilipofanywa wilaya yenyewe mwaka 1995.

Wenyeji wengi ni Wamwera, na pamoja nao wako Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Kazi yao ni kilimo kama sisi. Wao hulima korosho, ufuta na mbaazi, nao huuza kwa vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, jina lililofanywa kwa herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mazao hukusanywa ghalani, kisha wanunuzi hushindana kwa mnada. Mkarafuu haustawi huko, kwa sababu mvua zao ni za msimu mmoja na kiangazi chao ni kirefu. Basi mtu wa kwetu akitembea njia zile haoni shamba la kumkumbusha nyumbani. Aona mikorosho, ambayo wazee wetu wengine huiita mibibo au mikanju, na mashamba ya ufuta mpaka macho yachoke.

VITU WAVIONAVYO

Ndiyo maana ukumbusho humfikia dukani. Amwona bibi amejifunga kanga, asome jina lake, akumbuke kuwa kanga hiyo hiyo aliiacha kamba ya kuanikia nguo kwao. Apita sokoni, pua imwambie ng'onda kabla macho hayajauona. Aona ming'oko iliyochemshwa, ambayo ni mizizi ya porini ipendwayo sana kusini. Haijui, lakini ulimi wampa viazi vikuu. Aona mzee amevaa kofia iliyodarizwa kwa mkono, ambayo huko kwao Pemba ingemtosha mtu kwenda nayo harusini.

Lakini kile kinachowashika wengi zaidi ni vipakiti vidogo vya viungo vilivyotundikwa ukutani nyuma ya muuzaji: iliki, mdalasini, pilipili manga, binzari nyembamba, na karafuu. Karafuu hizo ni chache, pengine kumi au kumi na tano katika kipakiti kimoja, za kutia katika pilau au chai, au za kuweka juu ya jino linalouma. Mtu aliyezoea kuziona kwa pishi na kwa gunia, tena akazichoka kwa kuzichambua usiku mpaka vidole vikawa vyeusi, husimama mbele ya vile vipakiti akavitazama kama aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Wataalamu wa mwili waeleza sababu. Khabari za macho na za masikio hupita vituo kadhaa kabla ya kufika mahali pa kumbukumbu katika ubongo, lakini khabari ya pua ina njia fupi kwenda sehemu zihifadhizo kumbukumbu na huzuni na furaha. Kwa hiyo harufu humrudisha mtu mahali kabla hajajua kilichomrudisha. Na karafuu ina harufu yenye nguvu kuliko viungo vingi, kwani katika uzito wa karafuu kavu iliyo njema, karibu asilimia 15 hadi 20 ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ile dawa iitwayo yujeno, ambayo waganga wa meno huitumia.

WAGENI WALIOTUTANGULIA HUKO

Vijana wetu si wageni wa kwanza kutafuta kwao katika maduka ya Nachingwea. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, na mengine yalifanywa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango huo, na reli ikapelekwa Nachingwea. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikutii hesabu za London, na Januari 1951 Serikali ile ilitangaza kuuacha mpango baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Twawataja Waingereza hao kwa sababu moja. Katika upishi wao wa sikukuu, Mwingereza hutia karafuu katika tufaha za kuoka, katika keki nzito ya Krismasi, na huchomeka karafuu katika kitunguu cha kupikia mchuzi wa mkate na maziwa. Harufu hiyo kwake ni baridi ya Desemba, moto wa kuni na jikoni kwa mama yake. Na katika miaka ile sehemu kubwa ya karafuu za dunia nzima ilitoka Unguja na Pemba. Basi Mwingereza wa Nachingwea aliyetia karafuu katika chungu chake akakumbuka Uingereza, alikumbushwa kwao na zao lililoanikwa juu ya majamvi ya Wete, Konde au Mkoani. Kwao hapana mkarafuu hata mmoja.

Baada yao wakaja wageni wa namna nyingine. Tangu miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Nachingwea palikuwa na kambi kubwa ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Wengi wao walikuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao waliovuka mto Ruvuma. Hao walipokwenda sokoni hawakuhitaji kipakiti cha viungo ili kukumbuka kwao, maana muuzaji aliweza kuwaitikia kwa lugha ya mama zao. Mpaka ulichorwa na Wajerumani na Wareno, na watu wakabaki ndugu pande zote mbili.

KARAFUU NI YA KWAO NANI?

Hapa yatupasa tuseme kweli hata kama yatupunguzia majivuno kidogo. Karafuu si mwenyeji wa asili wa visiwa vyetu. Kwao kwa kwanza ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Waholanzi walipovitawala walikata mikarafuu mahali pengi na kuiacha Ambon na visiwa vya karibu yake, ili bei wawe nayo wao peke yao. Karibu na mwaka 1770 Mfaransa aitwaye Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche na mbegu kwa siri, ikapandwa Mauritius. Na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said akawahimiza wenye ardhi waipande. Ilipokuja tufani kubwa ya mwaka 1872, mikarafuu mingi ya Unguja ilianguka, na tangu hapo Pemba ikawa mbele.

Kwa hiyo mtu wa Maluku akija leo Pemba, akapita kijijini wakati karafuu zimeanikwa, naye atasimama kama vile vijana wetu wasimamavyo Nachingwea. Mtu wa mji wa Kudus katika Java atakumbuka sigara za kwao zitiwazo karafuu, ziitwazo kretek, ambazo zilianza huko mwishoni mwa karne ya 19. Mhindi atakumbuka tambuu iliyokunjwa na kubanwa kwa karafuu moja. Kila mmoja hudai kuwa harufu hiyo ni ya kwao, na kila mmoja asema kweli.

NA NYUSO PIA

Liko jambo jingine ambalo vijana hutueleza kwa sauti ya chini. Husema kwamba katika soko la Ruangwa mtu huona sura anazozijua. Amwona mama muuza nyanya, adhani ni shangazi yake. Asikia ngoma jioni, na miguu yaijua. Mmoja alituuliza kwa nini.

Jibu limo katika mashamba yetu wenyewe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pande za ziwa Nyasa, ikapita nchi za Wayao na jirani zao, ikashuka Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa watu walipakiwa katika majahazi wakaletwa Unguja. Wengi walifanyishwa kazi ya utumwa katika mashamba ya mikarafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash, na amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897. Baadaye watu wengine wa kusini, Wamakonde hasa, walikuja kwa hiari yao kutafuta kazi ya ujira. Hao wote walizaa, waliozana na wenyeji, na wajukuu zao wamo katika daftari la Jumuiya hii tunapoandika maneno haya.

Basi yule kijana aliyemwona shangazi yake Ruangwa, pengine hakukosea sana. Mikarafuu ambayo sisi twairithi na kuipalilia, mingi ya kale ilipandwa na mikono iliyotoka huko, nayo haikulipwa. Hatuandiki haya ili kuamsha ugomvi. Twayaandika kwa sababu mtu aendaye kusini na kusema, "Hawa wana vitu vya kwetu," yampasa ajue pia kwamba sisi tunacho cha kwao, na kwamba chao kilitangulia.

Hata leo mambo ni hayo. Mtu wa Ruangwa akifika Darajani, au soko la Chake Chake, akauona mkate umetapakaa ufuta juu yake, atakumbuka shamba la kwao, kwani mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ilimayo ufuta mwingi zaidi katika Tanzania. Ni wangapi kati yetu, wakila mkate wa ufuta na mchuzi, wamewahi kuuliza ufuta ule umelimwa na nani?

HAPA NDIPO PALIPO NA KAZI

Sasa twarudi kwenye kile kipakiti ukutani. Kijana wetu akimwuliza muuzaji, "Kaka, karafuu hizi za wapi?" hujibiwa mara moja, "Za Zanzibar hizo, mjomba!" Kijana hufurahi, akanunua, akaandika nyumbani. Lakini jibu hilo halina ushahidi. Karafuu hulimwa pia Tanzania Bara, katika milima ya Morogoro kama vile Matombo na Mkuyuni, na katika Tanga pande za Muheza. Za kwetu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na nyingi husafirishwa ng'ambo. Kwa hiyo kipakiti cha Nachingwea chaweza kuwa kimetoka Morogoro, na muuzaji, bila nia mbaya, akakipa jina letu, kwa kuwa jina letu ndilo alijualo yeye na mteja wake.

Wengine watasema, basi tatizo ni nini, si twasifiwa? Tatizo ni kwamba jina hubeba sifa na aibu sawasawa. Mama wa Nachingwea akinunua karafuu zilizooza, au zilizokwisha kamuliwa mafuta, au zilizochanganywa na makonyo, halaumu Matombo wala halaumu duka. Asema, "Karafuu za Zanzibar siku hizi hazina harufu." Na zikiwa ni za kwetu kweli, tena mbovu, lawama hiyo ni halali, nasi hatuna pa kujificha.

Kwa ajili hiyo twawaomba wanachama wote wenye vijana waendao kusini, au po pote pengine, wawafundishe kuipima karafuu kama wapimavyo wazee. Njia ni nne, wala hazihitaji chombo:

1. Itazame. Karafuu njema ina rangi ya kahawia yenye wekundu, na kile kichwa chake cha mviringo bado kipo. Iliyofifia na kuwa ya kijivu, au yenye ukungu, ilinyeshewa au iliwekwa kabla haijakauka.

2. Ivunje. Iliyokauka sawasawa huvunjika kwa kishindo kidogo. Yenye maji ndani hupinda.

3. Ikwaruze shina kwa ukucha. Njema hutoa unyevu wa mafuta, na kidole hubaki na harufu.

4. Itie katika kikombe cha maji. Njema huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokwisha mafuta huelea ubavu.

Aliyeshindwa na karafuu za kipakiti asimgombeze muuzaji, kwani naye alinunua. Amweleze kwa upole, ikiwa ni mtu mzima amwamkie kwanza, na amwonyeshe kikombe cha maji. Pia amshauri asiweke viungo rafu moja na sabuni au karibu na mafuta ya taa, wala juani, maana karafuu hupoteza mafuta yake na kushika harufu ya jirani.

Na sisi tuliobaki shambani tufanye yetu. Karafuu ichumwe inapoanza kuwa nyekundu na kabla haijafunguka. Ichambuliwe siku hiyo hiyo, na makonyo yatengwe, kwani mafuta ya makonyo ni machache sana kuliko ya karafuu yenyewe. Ianikwe juu ya majamvi au sakafu safi, igeuzwe mara kwa mara, na wingu likitanda iingizwe ndani bila kungoja tone la kwanza. Jua likiwa zuri, siku 4 hadi 6 hutosha. Mapeta yasichanganywe. Magunia yawe makavu na yasiwe yametiwa kitu kingine. Mwanachama aonaye kuwa gunia lake moja halitajulikana katika shehena kubwa, na akumbuke kwamba mahali fulani gunia hilo litagawanywa katika vipakiti mia nyingi, na kila kipakiti kitafunguliwa na mtu atakayeinusa kwanza.

Mwisho, twataka kukusanya khabari. Kijana atakayekwenda Nachingwea, Ruangwa au mji wo wote wa Bara msimu huu, na anunue kipakiti kimoja cha karafuu, aipime kwa njia hizo nne, na aandike bei, wingi wake, hali yake, na muuzaji alisema zimetoka wapi. Kipakiti chenyewe na karatasi hiyo viletwe ofisi ya Jumuiya. Tukipata vya kutosha tutavipanga mezani katika mkutano mkuu, wanachama wavione na kuvinusa wenyewe, ndipo tujadiliane njia ya kuomba karafuu za kwetu ziuzwe Bara katika vipakiti vyenye alama yetu, ili muuzaji akisema "za Zanzibar" awe na kitu cha kuonyesha.

Ofisi hupokea kila siku ya kazi asubuhi. Wasioweza kufika wenyewe wampe mjumbe wa tawi lao.

Katibu wa Jumuiya